Kutu Kwanza, Rangi Mwisho: Jinsi Gari Kuukuu la Michezo Linavyofufuliwa

Kuna picha inayozunguka kwenye simu za watu hapa Malindi tangu kaskazi ilipoanza kulegea. Gari dogo jekundu, la wazi, limelala upande mmoja chini ya mkwaju, na kuku ametaga kwenye kiti cha abiria. Chini ya picha mtu ameandika kwamba hilo ni gari la Kiingereza la mwaka 1965 na kwamba likipigwa rangi tu linauzwa mamilioni. Tangu siku hiyo barazani kahawa hainyweki kwa amani. Mmoja anasema kile ni chuma cha kweli, si haya mabati ya biskuti ya siku hizi. Wa pili anasema injini imekwama, kwa hiyo gari limekufa, liuzwe kwa kilo. Wa tatu, ambaye hajawahi kung'oa hata plagi, anashikilia litiwe injini ya Toyota Probox mambo yaishe.

Gari hilo nalijua vizuri. Ni la jirani yangu, mzee aliyestaafu kazi ya hoteli, na mimi ndiye ninayemshikia taa jioni anapoingia chini yake. Wote watatu barazani wamekosea, kila mmoja kwa njia yake.

Tuanze na maneno, maana nusu ya ubishi uko hapo. Kutengeneza gari ni kulifanya liende: umebadilisha plagi, umesafisha kabureta, limewaka, basi. Kukarabati ni zaidi ya hapo. Ni kutoa kilichooza na kutia kizima, kama mtu anayeng'oa boriti mbovu darini kabla hajagusa ukuta. Kurejesha ni kulirudisha gari kama lilivyotoka kiwandani, hadi aina ya skrubu na rangi ya nyaya. Hao wa kurejesha ndio wale wanaopeleka magari kwenye Concours d'Elegance ya Nairobi, mashindano ya uzuri wa magari, ambako majaji huchungulia hata chini ya gari. Jirani yangu hataki kombe. Anataka kumpeleka mkewe Mambrui Ijumaa moja na kurudi bila kusukumwa. Kwa hiyo yake ni ukarabati, na humu nitazungumzia huo.

Na "gari la michezo" si gari la mashindano. Ni gari jepesi, la chini, mara nyingi la viti viwili, lililoundwa ili dereva afurahie kona. Waingereza waliyatengeneza kwa wingi baada ya vita vya pili vya dunia: MG, Triumph, Austin-Healey, Morgan. Hili la mzee ni MGB, lililoundwa katika mji wa Abingdon kuanzia mwaka 1962 hadi 1980. Injini yake ina silinda nne na ujazo wa cc 1,798, na inalishwa petroli na kabureta mbili za kampuni ya SU. Kwa nguvu si jini. Probox iliyotunzwa itampa shida barabarani, na hilo halimuudhi mzee hata kidogo.

Sasa tuingie kwenye mwili wa gari, maana ndipo pesa zinapozama.

Watu wa pwani tuna bahati, tunajua vyombo vya baharini. Jahazi lina mkuku chini, ndio uti wake wa mgongo, mataruma, yaani mbavu zake, yamesimama juu ya mkuku, na mbao zimepigiliwa kwenye mataruma. Ubao ukioza unautoa, jahazi linabaki jahazi. Mtumbwi wa gogo moja hauna mkuku wala taruma: ngozi yake ndiyo mifupa yake. Utoboe vibaya, umeua chombo kizima. Magari nayo yako hivyo hivyo. Triumph Spitfire, au MGA iliyoitangulia MGB, ni majahazi: yana chesisi, ile fremu ya chuma ya chini, na bodi imekalishwa juu yake kwa bolti. Morgan ndiyo jahazi hasa, maana mabati yake yanashikwa na fremu ya mbao za mti wa ash. Ingeangukia mikononi mwa fundi wa majahazi asingeshangaa sana. Lakini MGB ni mtumbwi. Haina chesisi ya peke yake. Nguvu yake imo katika mabati yaliyokunjwa na kuunganishwa pamoja, na mzigo mkubwa unabebwa na vile vizingiti viwili vilivyo chini ya milango, kushoto na kulia.

Ndiyo maana yule wa "chuma cha kweli" anakosea. Bati la MGB lina unene wa karibu milimita moja. Uimara wake unatokana na mikunjo, kama sanduku la katoni linalobeba sahani huku karatasi yake mtoto anaichana. Kinachowadanganya watu ni Land Rover za zamani ambazo bado zinazunguka huku kwetu. Bodi ya Land Rover zile ni alumini, haishiki kutu kama chuma. Walakini chesisi yake ni ya chuma, na ukiinama utaona wengi wameshaitia viraka.

Kizingiti cha MGB kina tabaka: bati la nje unaloliona, bati la katikati, na sehemu za ndani ambazo huzioni mpaka ukate. Katikati ni uwazi, na humo ndimo kutu inamoishi.

Kutu ni nini? Chuma, maji na hewa vikikutana, chuma huanza kurudi kuwa udongo kilikotoka. Chumvi peke yake hailiozeshi bati. Kazi yake ni kuyafanya maji yapitishe umeme mdogo mdogo vizuri zaidi, na kutu, ukiitazama kwa ndani, ni betri ndogo inayojila yenyewe. Halafu chumvi huvuta unyevu. Angalia chumvi ya jikoni wakati wa kusi, inavyogandana chupani. Ndivyo inavyokaa ndani ya kizingiti: hata siku isiyo na mvua, imeshika jasho lake. Umepita Gongoni au Marereni ukaona mashamba ya chumvi? Maji ya bahari yanaingizwa, jua linayakausha, chumvi inabaki, yanaingizwa mengine. Gari lililoegeshwa karibu na bahari miaka ishirini limefanyiwa hivyo hivyo ndani ya mifupa yake, kwa manyunyu ya upepo badala ya mifereji.

Kutu nayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Ndiyo sababu rangi huvimba kama chapati kwenye tawa. Ukiona kivimbe cha ukubwa wa shilingi, usifikiri kutu imeanza hapo nje. Mara nyingi imetoka ndani, na shilingi hiyo ni ncha tu ya kidole chake.

Hapa niingize jambo la turubai. Mzee alilifunika gari lake kwa nailoni nzito kwa mapenzi, akidhani analikinga. Nailoni inazuia mvua, kweli, lakini inazuia na mvuke usitoke. Asubuhi gari lilikuwa linatoka jasho chini yake kama mtu aliyejifukiza. Banda la makuti lililo wazi pembeni, upepo ukipita, lingemfaa kuliko turubai la bei yoyote.

Na sasa tuone ile "rangi tu". Kabla ya kuamini gari lolote linalong'aa, chukua sumaku ndogo, hata ya spika ya redio mbovu, ifunge kitambaa chembamba isikwaruze, uipitishe juu ya vizingiti na chini ya mabawa, yale mabati yanayofunika magurudumu. Inapong'ang'ania, kuna chuma. Inapoteleza na kuanguka, kuna fila, ule uji mzito unaoganda ukawa jiwe, ambao fundi mwenye haraka huujaza kwenye tundu la kutu na kuusugua msasa hadi unafanana na bati. Fila si haramu. Ni dawa ya bonde dogo juu ya bati zima. Juu ya tundu inanyonya unyevu, na kutu inaendelea kula kwa nyuma bila kuonekana. Wazee walisema nyumba njema si mlango. Walipaswa kuwa wakaguzi wa magari.

Kwenye gari la mzee sumaku ilianguka mara sita upande wa kushoto pekee. Kumbe kuna mtu aliwahi kulipiga rangi hapo kabla.

Kazi yenyewe ya kukata ina kosa moja linaloua MGB nyingi, na linafanywa na watu wenye bidii, si wavivu. Fundi anapandisha gari juu, anakata vizingiti vyote viwili kwa siku moja ili aone kazi imeenda. Kumbuka mtumbwi. Hapo amekata mgongo. Gari linalegea katikati, milimita chache tu, halafu anachomelea vizingiti vipya likiwa limelegea hivyo. Siku ya kurudisha milango haifungi, na haitafunga milele. Inayotakiwa ni hivi: gari liegemezwe sawasawa, uchomelee mabomba ya muda kukingama uwazi wa mlango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, uhakikishe mlango bado unafunga, ndipo ukate. Upande mmoja. Uumalize, uende wa pili. Sisi upande wa kushoto umetuchukua miezi miwili ya jioni na Jumamosi.

Jambo la pili ni mchomeleaji. Malindi tuna mafundi hodari wa mageti na madirisha ya grili, wanaotumia mashine ya fimbo. Kwa bati la milimita moja, fimbo ni kama kushona hariri kwa sindano ya magunia: inatoboa kuliko inavyounga. Tafuta fundi mwenye mashine ya waya na gesi, au anayejua kuchomelea kwa mtungi polepole. Na asivute mstari mmoja mrefu. Apige vitone, aache vipoe, ahamie pengine, la sivyo joto litalipinda bati kama papa aliyeanikwa juani.

Tangi la petroli litolewe na kupelekwa mbali kabla ya cheche ya kwanza. Watu hudhani tangi tupu ni salama. Petroli yenyewe ikiwa majimaji hailipuki upesi, kinacholipuka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa, na tangi tupu limejaa huo. Pia usisugue rangi ya zamani bila barakoa, kwa kuwa rangi za miaka hiyo zinaweza kuwa na risasi ndani yake, ile madini ya sumu. Vumbi la breki za zamani nalo usilipulize kwa hewa, kwani lining zake zilitengenezwa kwa asbesto. Lilowanishe, ulifute, utupe kitambaa.

Baada ya mwili, injini inaonekana mchezo. Injini kukwama si kufa. Mara nyingi ni ringi za pistoni zilizoshikana na kuta za silinda kwa kutu nyembamba. Tuling'oa plagi zote nne, tukamimina ndani dizeli iliyochanganywa na oili ya giaboksi ya otomatiki, tukaiacha siku kumi, tukiongeza kila baada ya sala ya magharibi mpaka majirani wakadhani ni dawa ya mtu. Siku ya kumi na moja tulitia gia ya nne tukalisukuma gari mbele na nyuma kidogo kidogo kwa mikono. Kitu usichofanya ni kuipiga stata, maana stata ina nguvu za kuvunja kilichokwama lakini haina masikio ya kusikia kinavunjika. Ilipolegea tulisikia kama mtu anapumua. Bado italazimu kufunguliwa na kupelekwa Mombasa ikachongwe kwa mashine, lakini si ya kilo.

Breki zinakuja kabla ya injini kuwashwa, hata kama mikono inawasha. Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya maji kutoka hewani, na hewa yetu ina maji ya kutosha. Baada ya miaka ishirini silinda za breki zina kutu ndani na mipira yake imekuwa kama maganda ya muwa. Badilisha vyote. Hapa hakuna cha kuokoa.

Umeme ndio uliotuletea kioja. MGB za mwanzo, hadi mwaka 1967, zimefungwa kinyume na mazoea ya mafundi wetu: ncha ya chanya ya betri ndiyo inayokwenda kwenye bodi, si ya hasi. Tena hazina betri moja ya volti 12, zina mbili za volti 6 zilizounganishwa, zimefichwa nyuma ya viti. Kijana mmoja wa umeme alikuja, akaona, akacheka, akasema, "Mzee, aliyefunga hii alikuwa amelewa," akataka kugeuza. Mzee akamwambia, "Mwanangu, aliyeifunga alikuwa kiwandani." Kugeuza kunawezekana na wengi hugeuza, ila kuna vitu vya kubadilisha pamoja nako, ikiwemo saa ya kuonyesha mizunguko ya injini. Ukigeuza betri tu, vya kielektroniki vinaungua. Utasikia pia kwamba umeme wa Lucas, kampuni iliyotengeneza vifaa hivyo, ni mbovu kwa asili, hata Waingereza wenyewe wana mizaha yake. Nionavyo mimi, Lucas anasingiziwa. Taa nyingi zisizowaka katika gari kuukuu zimekosa njia ya kurudisha umeme kwenye bodi, kwa sababu mahali waya uliposhikizwa pana kutu. Sugua pang'ae, kaza, jaribu tena kabla hujamlaani mtu.

Spana nazo. Bolti nyingi za gari hili ni za inchi. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7, na spana ya 13 itaingia ikucheke. Mimi ndiye niliyeitumia, kwa haraka, na nikaimung'unya nati ya kwanza kona zote sita. Mzee hakusema neno, alinitazama tu, akaingia ndani akatoka na spana zake za inchi zilizofungwa katika kanga ya marehemu mama yake.

Spea ni uvumi mwingine. Watu husema hazipatikani. Kwa gari hili ni kinyume: zilitengenezwa zaidi ya laki tano, na mwaka 1988 kampuni ya British Motor Heritage ilianza kutoa hata bodi nzima mpya kwa kutumia mitambo ya asili ya kugongea mabati. Kizingiti cha MGB ya 1965 ni rahisi kukipata kuliko taa ya nyuma ya saluni fulani ya Kijapani ya miaka ya tisini. Kinachouma ni usafirishaji na ushuru. Halafu angalieni, jina la MG leo ni mali ya kampuni ya SAIC ya Uchina, kwa hiyo kijana akitafuta "spea za MG" kwenye simu ataletewa bampa ya gari la juzi. Andika MGB, andika na mwaka. Vingine havihitaji kuvuka bahari: viti vimeshonwa na fundi wa makochi, na paa la turubai analishona mtu aliyezoea matanga.

Wapo pia wanaohofia petroli ya leo isiyo na risasi. Haitaiua injini. Zamani petroli ilitiwa risasi, na moja ya kazi zake ilikuwa kulinda makao ya vali za kutolea moshi yasilike. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia Januari 2006, na ya mwisho duniani, Algeria, mwaka 2021. Injini ikifunguliwa Mombasa, fundi atatia makao ya chuma kigumu, na habari imekwisha.

Injini ya Probox je? Inaweza kuingia, kila kitu kinaweza kuingia ukiwa na grainda. Lakini utabadilisha na giaboksi, shafti, vishikizo na mfumo wa maji ya kupoza injini, kisha uende kuandikisha injini mpya kwenye kumbukumbu za gari, na mwisho utakuwa na Probox isiyo na buti. Injini ya asili ipo na inazunguka. Sioni sababu.

Karatasi ndizo zingetangulia kuliko hata kutu, nimezisahau kwa sababu za mzee zimo sandukuni. Anayetaka kununua gari kuukuu alinganishe nambari ya bodi na ile iliyo kwenye kitabu cha gari kabla hajatoa hata shilingi. Na asifikiri atakwepa matatizo kwa kuagiza jingine Uingereza, maana Kenya hairuhusu magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka 8. Haya ya zamani tunayoyaona mengi yaliingia miongo mingi iliyopita, na yanazeeka nasi.

Na mamilioni? Mzee nilimuuliza. Alihesabu vidoleni mabati, mchomeleaji, mipira ya breki, mashine ya Mombasa, rangi ambayo haijanunuliwa, akaacha kuhesabu. Gari la namna hii kwa kawaida hula zaidi ya linavyouzwa, hata kazi ya mikono yako usipoitia bei. Anayetaka faida Malindi anunue tuktuk.

Jumamosi iliyopita tulikata yale mabomba ya muda upande wa kushoto. Mlango ulifungwa kwa kidole kimoja, ukalia tik. Mzee akaufungua, akaufunga tena, akaufungua, kama mara kumi. Upande wa kulia bado hatujaugusa. Kuku tumemhamishia kwenye tairi la akiba, na hajaridhika.